Ndoo ya laki mbili kwenye ukuta wenye magadi

Sebule yenyewe inapendeza ukiitazama kutoka mlangoni. Kuta ni za kijivu chenye ukijani kwa mbali, dari ya jipsamu imezungushiwa taa, na mwenye nyumba hii ya Sokon I, Arusha, hafichi kwamba ndoo moja ya rangi ile ilimgharimu fedha za mifuko kumi ya saruji. Kasoro iko chini, kimo cha goti kutoka sakafuni. Hapo rangi imevimba vijipuvijipu, ukuta mzima, kona hadi kona. Fundi aliyeitwa kuitazama alikibonyeza kimoja kwa kidole gumba, kikapasuka kama ganda la yai, na nyuma yake ukamwagika unga mweupe laini. Akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema neno moja: magadi.

Rangi hiyo ilikuwa imepita masika moja tu.

Jirani alishatoa hukumu yake, kwamba mwenzetu kauziwa feki. Si kweli. Rangi ilikuwa halisi, na huenda uzuri wake ndio ulioharakisha balaa. Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkano, na maji yanayochuja kwenye miamba yake hushuka na chumvichumvi za kila aina. Ndiyo yaliyowaachia wakazi wengi wa Arusha meno ya kahawia, kwa sababu ya floridi, na ndiyo yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Maji hayo hayo ndiyo yanayotumika kuchanganyia zege na plasta, na ndiyo yanayopanda ukutani kutoka kwenye msingi ambao haukuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu. Yakifika kwenye uso wa ukuta huruka hewani, chumvi ikabaki na kuota. Rangi ya bei ndogo, yenye vinyweleo vingi, huyaacha maji yapite, ukabaki na madoa meupe tu. Rangi nzuri hufunga ukuta kama ngozi. Chumvi ikikosa pa kutokea, inaisukuma ngozi hiyo mpaka ibanduke.

Dukani hakuna anayekuuliza habari za ukuta wako. Unaulizwa bajeti. Muuzaji anakufungulia kadi, unachagua, anaingiza namba kwenye mashine ya kuchanganyia, ndoo inatikiswa, unalipa. Biashara hii imechangamka Arusha. Nyumba zinajengwa, za zamani zinakarabatiwa, na tangu Tanzania, Kenya na Uganda zipewe kuandaa fainali za AFCON 2027, na uwanja wa viti 30,000 kupangiwa Olmoti jijini hapa, kila mwenye vyumba viwili vya ziada anafikiria wageni. Na mgeni, tunaambiwa, anataka rangi ya kisasa. Ndipo linapokuja swali ambalo wasomaji wengi wamekuwa wakiulizana: hizi rangi za ghali, zenye majina ya wabunifu na makopo ya kuvutia, zina tofauti gani na ile ndoo ya kawaida?

Tofauti ipo, nayo imo ndani ya ndoo. Rangi ya maji, hii inayoitwa emalshani, kwa sehemu kubwa ni maji, gundi, unga unaofunika na unga wa kujazia. Unga unaofunika ni titani dioksidi, ule mweupe uliokolea ambao viwanda vya Norway na Marekani vilianza kuutengeneza kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1910. Ni ghali. Gundi nzuri, hasa ya akriliki, nayo ni ghali. Unga wa kujazia ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, na huo ni rahisi sana. Mtengenezaji akitaka kushusha bei ana njia mbili tu za maana: apunguze titani na gundi, aongeze unga wa mawe. Ndoo itakuwa nzito vilevile na nyeupe vilevile. Utakuja kuijua siku utakapoegemea ukuta na koti jeusi.

Kipimo cha kwanza basi ni kiganja. Paka kipande cha ubao au cha jipsamu, kiache kikauke siku mbili, kisha kisugue kwa kiganja kikavu. Kiganja kikitoka na unga, gundi ni haba. Kipimo cha pili kinahitaji gazeti, hata hili unalosoma. Paka mkono mmoja juu ya maandishi, kwa brashi ile ile na unene ule ule, rangi mbili unazozilinganisha, upande kwa upande. Zikikauka, soma. Kule ambako kichwa cha habari bado kinasomeka vizuri, umenunua chaki. Nimewahi kuona ndoo ya bei ya kati ikificha maandishi kuliko ya bei ya juu, na hilo halikunishangaza, kwa sababu sehemu ya bei ya juu hulipia kopo, matangazo na kodi ya duka lenye vioo.

Lakini tahadhari moja kuhusu rangi kali. Ukichagua bluu nzito, nyekundu au kijani cha msituni, mashine haianzii kwenye rangi nyeupe iliyojaa titani. Inaanzia kwenye rangi maalumu isiyo na titani nyingi, vinginevyo wekundu ungegeuka waridi. Kwa hiyo rangi kali nyingi hufunika vibaya hata iwe ya nani. Anayekuahidi nyekundu ya mkono mmoja anakuuzia maneno.

Sasa hesabu, kwa sababu bei ya ndoo hudanganya. Chukua chumba cha kawaida, mita tatu na nusu kwa tatu na nusu, kuta zenye kimo cha mita 2.8. Ukitoa mlango na dirisha unabaki na takribani mita za mraba 35. Rangi nzuri kwenye ukuta laini hufunika mita 10 hadi 12 kwa lita. Mikono miwili ni mita 70, yaani lita 7. Rangi dhaifu itataka mikono minne, na kwa kuwa fundi ataiongezea maji na bado isifike mbali, tuipe mita 8 kwa lita: hapo zimekwenda lita 17 na nusu. Tuseme, kwa mfano, ndoo ya lita 20 ya rangi dhaifu ni shilingi 60,000 na ya rangi nzuri ni 200,000. Dukani ya pili imezidi ya kwanza zaidi ya mara tatu. Chumbani, ya kwanza imekula 52,500 na ya pili 70,000. Tofauti iliyobaki, shilingi 17,500, inamezwa na ile siku ya ziada ya fundi kupaka mkono wa tatu na wa nne. Na baada ya hapo moja inafutika kwa kitambaa chenye maji, nyingine inafutika pamoja na kitambaa.

Hapo ndipo utetezi wa rangi ya ghali unapoishia, kwa maoni yangu. Kutoka ndoo dhaifu kwenda ndoo nzuri ya kiwandani, fedha yako inanunua titani na gundi. Kutoka ndoo nzuri kwenda kopo la mbunifu, inanunua kitu kingine.

Mfano mkubwa duniani ni Farrow & Ball, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1946 kwenye jimbo la Dorset, Uingereza. Kadi yake ina rangi mia na kitu tu, na majina yake yamekuwa gumzo la sebule za matajiri. Kuna kijivu kinachoitwa Pumzi ya Tembo na waridi ya kahawia iitwayo Samoni Mfu. (Sisi ambao tembo wako safari ya saa moja kutoka nyumbani hatujawahi kuipima rangi ya pumzi yake.) Mwaka 2021 kampuni hiyo ilinunuliwa na Hempel ya Denmark, kiwanda kinachojulikana zaidi kwa rangi za meli. Kopo lake la lita 2.5 linauzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 50. Chumba chetu cha lita 7 kingetaka makopo matatu, nusu milioni ya shilingi au zaidi, kabla ya nauli, ushuru na VAT ya asilimia 18.

Wanaoipenda wana hoja. Rangi zake huchanganywa kwa unga wa rangi wa aina nyingi, kiasi kwamba ukuta hubadilika kadiri jua linavyohama, na ule uso wake usiong'aa, usiorudisha mwanga, huficha mawimbi ya plasta. Hayo yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba rangi isiyong'aa kabisa hushika alama kwa urahisi. Aina yake maarufu ya kuta za ndani ina mng'ao wa asilimia 2 tu. Nyumba ya Uingereza yenye zulia ukuta hadi ukuta na madirisha yanayofungwa miezi sita inaweza kuishi nayo. Nyumba ya Sokon I ina vumbi la barabarani linaloingia tangu Juni, watoto wanaopita na mikono ya chapati, na jiko la mkaa linalowashiwa nje na kuingizwa ndani likiwa bado linafuka. Mama anataka ukuta unaosuguliwa kwa sabuni. Kwa matumizi hayo silki, yaani rangi yenye mng'ao kiasi, ya kiwanda cha hapa hapa Afrika Mashariki inaishinda rangi ya Dorset, kwa sehemu ndogo ya bei.

Na kama ulichopenda ni rangi yenyewe, yaani kile kijivu cha pumzi, mashine ya dukani itakuchanganyia kinachofanana nacho. Peleka kipande cha ukubwa wa kiganja. Kifaa kinakisoma na kutoa namba. Hakitakuwa pacha kamili, hasa usiku chini ya taa nyeupe, lakini mgeni wako hana kadi mfukoni.

Jambo jingine linaloendelea huko Ulaya na Marekani linachekesha kidogo. Mtindo wa juu kabisa wa sasa ni chokaa. Kuta zenye mawingu mawingu, zisizo laini, zinazopakwa kwa brashi pana mikono mitatu minne, zinauzwa kwenye makopo ya gharama kwa jina la urithi wa kale. Ni chokaa ile ile iliyopaka Mji Mkongwe wa Zanzibar, madarasa ya shule za msingi, na mawe na mashina ya miti kwenye kambi na ofisi za serikali. Kwa ukuta wenye unyevu, chokaa ni tiba bora kuliko rangi yoyote ya plastiki, kwa sababu inapumua. Ile sebule niliyoanza nayo ingepakwa chokaa sehemu ya chini, unga mweupe ungetoka ukafagiliwa. Tatizo la chokaa kwetu ni heshima: hakuna anayetaka sebule yake ifanane na ofisi ya kata.

Tukirudi kwenye majina. Wateja wengi wa Arusha hununua jina, na si vibaya, kwani jina la kiwanda kinachojulikana ni dhamana ya aina fulani: Plascon, Coral, Goldstar, Crown, Galaxy, na Sadolin ya tangu enzi. Lakini jina nalo huhama. Mwaka 2017 kampuni ya Kansai ya Japani, kupitia Plascon, ilinunua biashara ya rangi iliyokuwa ikiuzwa Afrika Mashariki kwa jina la Sadolin. Jina lenyewe, hata hivyo, lilikuwa mali ya AkzoNobel ya Uholanzi. Nchini Uganda kiwanda kile kile, chenye wafanyakazi wale wale, kikaanza kubandika Plascon kwenye ndoo, na jina la Sadolin likaenda kwa mtengenezaji mwingine. Mteja wa Kampala aliyekuwa mwaminifu kwa jina alihamia kiwanda kingine bila kujua. Aliyekuwa mwaminifu kwa rangi ilimbidi ajifunze jina jipya.

Kwa hiyo geuza ndoo usome nyuma. Tafuta alama ya Shirika la Viwango (TBS), tarehe ya kutengenezwa, eneo ambalo lita moja hufunika, na kwa rangi ya mafuta tafuta maneno yanayosema haina risasi. Hili la mwisho naliwekea mkazo kuliko yote niliyoandika hapa. Risasi, yaani madini ya risasi, ilitumika zamani kutoa weupe, na bado hutumika kwenye baadhi ya rangi za mafuta kutoa njano na nyekundu inayong'aa au kuharakisha kukauka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama cha risasi kwenye damu ya mtoto. Kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni, na shirika la AGENDA la Dar es Salaam, likishirikiana na mtandao wa IPEN, limepima rangi za mafuta za madukani na kukuta baadhi zikivuka kiwango hicho kwa mbali. Rangi za mafuta ndizo tunazopaka mageti, nondo za madirisha na milango, vitu ambavyo mtoto anayejifunza kusimama hushika na kuuma. Ukikwangua geti la zamani, loweka msasa, kwangua likiwa na maji, na watoto wapeleke kwa bibi yao siku hiyo. Hapa bei ya juu pekee haikulindi. Kinacholinda ni maandishi na kiwanda kinachoyasimamia.

Nje ya nyumba mambo yanabadilika, na hapo ningekushauri ufungue pochi. Jiji liko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na nyuzi tatu na ushee kusini mwa ikweta. Jua letu linachoma hata siku ya baridi. Mionzi yake huvunja gundi dhaifu, ukuta ukaanza kutoa unga, na masika ya Machi hadi Mei ikauosha. Rangi ya nje yenye akriliki ya kutosha na dawa ya fangasi hulipa deni lake. Angalia pia chanzo cha rangi. Nyekundu ya matofali, njano ya udongo na kahawia hutokana na oksidi ya chuma, ile ile iliyomo kwenye udongo mwekundu wanaojipaka Wamasai, na jua haliziwezi. Njano ya limao na nyekundu ya midomo aghalabu hutokana na kemikali zinazopauka. Ndiyo maana nyumba za kahawia za mitaa ya zamani bado ni za kahawia, na ile ya machungwa ya juzi imekuwa ya maembe mabichi.

Kuna kuta za aina moja tu Sokon I zisizopauka kamwe, za maduka. Hizo hupakwa upya na kampuni za simu na soda kila zinapotaka, bure kwa mwenye duka. Tigo ilipojiita Yas mwishoni mwa 2024, kuta za bluu zilianza kugeuka njano mitaani, na hakuna mwenye duka aliyechomoa hata shilingi. Ni njia ya kupata rangi nzuri, kama huoni tabu kuishi ndani ya tangazo.

Kwa mwenye nyumba za kupangisha nina jibu tofauti. Kama desturi ya nyumba yako ni mpangaji kutoka na mwingine kuingia baada ya kupaka upya, rangi ya bei ya kati vyumbani inatosha, nyeupe au krimu, ili kiraka cha mwaka ujao kisionekane. Weka silki korido na jikoni. Lodge inayotoza kwa dola, na inayoishi kwa picha za mtandaoni, inaweza kujinunulia ukuta mmoja wa mbunifu nyuma ya kaunta. Hilo ni tangazo na liingizwe kwenye vitabu kama tangazo.

Uamuzi wangu, basi, kwa nyumba ya familia: usinunue rahisi kuliko zote, na usinunue jina la mbunifu. Kile ulichookoa kipeleke ukutani kabla ya rangi. Plasta mpya iache ikauke si chini ya wiki nne, kwa sababu saruji mbichi ina ukali unaoigeuza rangi ya mafuta kuwa sabuni, na ule mkanda wa kahawia chini ya ukuta unaobanduka kila mwaka umetokana na papara hiyo. Ukuta unaotoa magadi upige brashi kavu, usiuoshe kwa maji; tafuta maji yanaingilia wapi, yazuie, usubiri ukauke. Kisha puti, msasa, andakoti ya kuhimili ukali wa saruji, ndipo rangi. Na fundi wako patana naye kwa chumba badala ya siku, nunua ndoo mwenyewe, na uwepo anapoifungua na kuitia maji.